Leakey: Aliyesaka chimbuko la akili katika jiwe

MPASUA kokoto wa Kinanie, Machakos, anajua kwamba jiwe halipasuki ovyo. Lina upande wake wa kupigwa, na mkono usioongozwa na fikira huambulia vumbi. Lakini ni kipi kilichotangulia, mkono stadi au ubongo mkubwa? Swali hilo halikumwacha Dkt Louis Leakey maishani.

Alizaliwa Kabete mnamo Agosti 7, 1903, mwana wa wamishonari Waingereza. Alikua akizungumza Kikuyu, akatahiriwa pamoja na rika lake, na tangu utotoni akawa akiokota vipande vya mawe meusi ya volkano vilivyochongwa na watu wa kale.

Alipohitimu Cambridge, wataalamu wengi walikuwa wakiitazama Asia, ingawa Charles Darwin alikuwa amedokeza mwaka wa 1871 kwamba yumkini binadamu alitokea Afrika. Leakey akarejea nyumbani. Pupa ilimponza. Mnamo 1935, mwanajiolojia Percy Boswell alizuru Kanam na Kanjera, karibu na Ziwa Victoria, na Leakey akashindwa kumwonyesha mahali hasa alipoitoa mifupa aliyoitangaza kuwa ya kale mno. Jina lake likachafuka, wala hakuonewa.

Olduvai, katika Tanganyika ya wakati huo, ndiko kulikomrejeshea heshima. Julai 17, 1959, mkewe Mary aligundua fuvu lililokuja kupimwa kuwa la takriban miaka milioni 1.75. Leakey alidhani mwenye fuvu hilo ndiye aliyezichonga zana zilizotapakaa hapo. Mwaka uliofuata, mwanawe Jonathan akapata masalio ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi.

Mnamo 1964, Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimpa kiumbe huyo jina Homo habilis, yaani mtu stadi. Wengi walipinga. Ubongo wake ulikadiriwa wakati huo kuwa chini ya sentimita za ujazo 700, ilhali Arthur Keith alikuwa ameweka 750 kuwa kizingiti cha ubinadamu. Wa binadamu wa leo hukaribia 1,350.

Jina hilo lilikuwa na uzito wake. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Uteuzi wa asili haulei kiungo cha gharama hiyo pasipo faida. Wataalamu wengi hueleza hivi: aliyejua kuvunja mfupa kwa jiwe akapata uboho alishiba wenzake walipolala njaa, akaacha wana wengi zaidi, nao wakarithi wepesi wake wa akili. Kizazi baada ya kizazi, jiwe likaulisha ubongo, na ubongo ukalinoa jiwe.

Ajabu ni kwamba Leakey mwenyewe ndiye aliyemtuma Jane Goodall kule Gombe mnamo 1960. Huko Goodall akaona sokwe wakichokoa mchwa kwa vijiti walivyovitengeneza. Leakey akakiri kuwa maana ya zana, au ya binadamu, sharti ifikiriwe upya.

Alifariki London Oktoba 1, 1972, akazikwa Limuru. Mnamo 2015 zikatangazwa zana za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zenye umri wa miaka milioni 3.3. Zinatangulia mifupa yote ya jamii ya Homo inayojulikana, na huenda zilichongwa na kiumbe ambaye ubongo wake haukuuzidi sana wa sokwe.