Bismarck: Jina la jiwe la Mwanza, mwanzo wa bima ya afya ya lazima

Msomaji wangu, kama umewahi kufika Mwanza bila shaka umeliona lile jiwe lililosimama ziwani karibu na kivuko cha Kamanga, limekaa juu ya mawe wenzake kana kwamba kuna mtu aliyelipanga. Wageni wote hupiga picha pale. Linaitwa Jiwe la Bismarck. Jina linajulikana na wengi, mwenye jina anajulikana na wachache. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba Mjerumani huyo, ambaye hakuwahi kukanyaga ufukwe wa Ziwa Victoria, ndiye aliyesimamia sheria ya kwanza duniani iliyowalazimisha wafanyakazi wa taifa zima kuwa na bima ya afya.

Bima ya afya imekuwa habari ya mjini tangu Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023. Kwenye daladala, mwaloni Kirumba, hata kwenye foleni ya dawa, watu wanabishana: Kwa nini nilazimishwe? Kwa nini nilipe wakati siumwi? Kampuni binafsi zitafanya nini? Maswali hayo si mageni. Yaliulizwa Berlin zaidi ya miaka 140 iliyopita. Ndiyo maana wiki hii safu yako inakuletea maisha ya Bismarck.

Mtoto wa mwenye mashamba

Otto von Bismarck alizaliwa Aprili 1, 1815 huko Schönhausen, katika ufalme wa Prussia. Baba yake alikuwa bwana shamba wa ukoo wa kikabaila. Kijana Otto alisoma sheria Göttingen na Berlin, akajulikana zaidi kwa ugomvi na starehe kuliko kwa vitabu. Alijaribu kazi ya serikali, ikamchosha, akarudi shambani. Mwaka 1847 alimuoa Johanna von Puttkamer, na mwaka huohuo akaingia katika siasa za bunge.

Baadaye alikuwa balozi Urusi na Ufaransa. Mwaka 1862 mfalme wa Prussia alimfanya waziri mkuu. Ndani ya miaka 9 aliongoza vita dhidi ya Denmark, Austria na Ufaransa, na Januari 1871 vijinchi vya Kijerumani vikaungana kuwa dola moja. Bismarck akawa kansela wake wa kwanza.

Hapo, msomaji, usimtafute mtetezi wa wanyonge. Alikuwa mtu mgumu, asiyependa demokrasia. Viwanda vilikuwa vinaongezeka kwa kasi, vijana wanahama mashamba kwenda migodini na viwandani, na huko mashine zinakata vidole, vumbi linajaza mapafu. Mfanyakazi akiugua, mshahara unakatika siku hiyohiyo na familia inaanza kuuza vyombo. Vyama vya wajamaa vikapata wafuasi wengi. Mwaka 1878 Bismarck alipitisha sheria ya kuvipiga marufuku vyama hivyo, mikutano yao na magazeti yao.

Lakini alijua kiboko peke yake hakitoshi. Aliamini kwamba mfanyakazi akiona dola ndiyo inayomhudumia anapougua, hatawakimbilia wapinzani wake. Kwa hiyo wazo la bima lilizaliwa kwa hesabu za kisiasa. Kumbuka hilo utakaposikia mwanasiasa yeyote akizungumzia afya yako. Nia yake inaweza kuwa kura. Wewe isome sheria yenyewe.

Mvutano bungeni

Muswada wake wa kwanza, wa bima ya ajali kazini, ulifika bungeni mwaka 1881. Ubishi ukawaka. Waliberali walisema serikali haina haki ya kuingilia mikataba ya watu, na kwamba kampuni binafsi za bima zinatosha. Bismarck alikataa katakata. Kwake haikuwa sawa kampuni itengeneze faida kutokana na mkono wa mfanyakazi uliokatika. Yeye alitaka serikali ichangie kutoka kwenye kodi; Bunge likaondoa kipengele hicho, naye akauacha muswada ufe. Wajamaa nao walipinga. Wangemwaminije mtu aliyewapiga marufuku?

Bima ya ugonjwa ndiyo iliyotangulia kupita, Juni 1883. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleweka. Mfanyakazi alilipa theluthi mbili za mchango, mwajiri theluthi moja, na fedha zikakatwa kwenye mshahara. Mfanyakazi akiugua alitibiwa, akapewa dawa, na akalipwa nusu ya ujira hadi wiki 13. Akifariki, familia ilipata fedha za mazishi. Fedha hazikwenda kwa kansela wala kwa kampuni. Zilikaa kwenye mifuko ya maeneo na ya viwanda, na wafanyakazi wenyewe walikuwa na theluthi mbili za kura katika kuiongoza.

Bima ya ajali ilifuata mwaka 1884, mchango wake ukilipwa na waajiri peke yao na kampuni binafsi zikiwekwa pembeni. Mwaka 1889 ikaja pensheni ya uzee na ulemavu. Uzee ulihesabiwa kuanzia miaka 70, umri ambao wafanyakazi wengi wa wakati ule hawakuufikia.

Je, hesabu zake za kisiasa zilitimia? Hapana. Wajamaa waliingia kwenye uongozi wa mifuko hiyohiyo na chama chao kikazidi kukua. Mwaka 1890 sheria ya kuwapiga marufuku iliachwa ife. Siasa iliyoizaa bima ilishindwa, bima yenyewe ikabaki hai, kwa sababu watu walikuwa wameiona ikiwafaa.

Mgonjwa aliyekuwa kansela

Hapa kuna jambo ambalo safu ya afya haiwezi kuliruka. Wakati akiwapigania wafanyakazi wawe na matibabu, Bismarck mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alikula na kunywa kupita kiasi, akavuta sigara mfululizo, akakosa usingizi, akasumbuliwa na maumivu makali ya neva za uso. Kufikia mwaka 1879 uzito wake ulikuwa umepita kilo 120. Madaktari waliomzunguka walimwogopa kuliko walivyouogopa ugonjwa wake.

Mwaka 1883, mwaka uleule wa sheria ya bima, alikubali kutibiwa na daktari kijana, Ernst Schweninger, ambaye tayari alikuwa amemsaidia mwanawe kupunguza unene. Huyu hakumwogopa. Alimpangia saa za kula na kulala, akampunguzia chakula na pombe, akamlisha samaki, akamtaka atembee. Kansela akapungua, akalala usingizi, akaendelea na kazi. Watu wa kanda ya ziwa mnaweza kutabasamu kidogo: samaki walikuwa sehemu ya dawa yake.

Machi 1890 alilazimishwa kujiuzulu na mfalme kijana, Wilhelm wa Pili. Johanna alifariki mwaka 1894. Bismarck mwenyewe alifariki Julai 30, 1898 nyumbani kwake Friedrichsruh, akiwa na miaka 83.

Walioachwa nje

Sheria ile ilikuwa na mipaka. Mwanzoni iliwagusa wafanyakazi wa viwandani, migodini na kwenye karakana, kama mtu mmoja kati ya kila 10. Vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani waliingizwa kwa sheria ya mwaka 1911. Ujerumani ilifika mwaka 2009 ndipo ikamtaka kila mkazi awe na bima. Hesabu mwenyewe: miaka 126.

Na sisi? Februari 1885, Bismarck akiwa madarakani, Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi iliyofungua mlango wa kuitawala nchi yetu, naye huko nyuma hakuwa hata mpenzi wa makoloni. Wakoloni walipofika Mwanza waliliita jiwe kwa jina lake, lakini bima yake hawakuileta. Mwishoni mwa miaka ya 1890 walileta kodi ya kibanda. Mwananchi wa ufukweni akajifunza kuichangia serikali kabla serikali haijajifunza kumtibu.

Baada ya uhuru tulichagua njia nyingine: matibabu bure kwa fedha za kodi. Njia hiyo ilielemewa, na mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama hospitalini. Sheria ya NHIF ilitungwa mwaka 1999, na watumishi wa umma wakaanza kukatwa asilimia 3 ya mshahara huku mwajiri akiongeza asilimia 3. Msomaji, huo ni mtindo wa Bismarck mtupu: mshahara, makato, mwajiri.

Sasa mvuvi wa dagaa wa Ukerewe mwajiri wake ni nani? Mama anayeanika dagaa mchangani anakatwa kwenye mshahara upi? Hapo ndipo penye kazi ngumu ya sheria yetu mpya, kwa sababu Watanzania wengi hawana mshahara wa mwezi. Kipato cha mvuvi wa dagaa hufuata giza: mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi na mfuko hukauka. Ukimdai mchango wiki hiyo atakuona adui; ukimdai mitumbwi inaporudi imejaa, atatoa.

Maoni yangu ni kwamba somo la Bismarck linalotufaa hapa ni mfuko ulio karibu na watu, ambao wanachama wanauona na kuuongoza. Kanda hii ina historia hiyo. Wakulima wa pamba wa ng'ambo zote za Mwanza waliungana mwaka 1955 katika shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, VFCU, wakauza pamba yao kwa pamoja. Leo mialo ina vikundi vya BMU, masoko yana umoja wa wachuuzi, bodaboda wana vyama vyao. Mchango unaopitia huko, kwa msimu wa kazi husika, una nafasi kubwa zaidi ya kufika.

Kuhusu lazima, nikuambie ukweli usiopendeza. Bima ya hiari huvutia wale ambao tayari wanaumwa. Mzima anasubiri, mgonjwa anajiunga, mfuko unafilisika. Hiyo ndiyo sababu ya kisheria ya kumtaka kila mtu aingie, na ndiyo sababu kampuni binafsi peke yake haiwezi kuibeba nchi: inapenda wazima na inawakwepa wazee. Lakini lazima bila huduma ni kodi ya kibanda kwa jina jipya. Serikali ikikudai mchango, nawe una haki ya kudai dawa ziwepo, kituo kiwe karibu, na asiye na uwezo kabisa alipiwe kama sheria ilivyoahidi.

Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo au hapana kuhusu bima, uliza mambo manne. Mchango ni kiasi gani kwa kaya nzima, na unalipwa lini? Kitita kinahusisha magonjwa gani? Kituo gani cha karibu kinaipokea kadi hiyo, na ukipewa rufaa, Sekou Toure au Bugando wataipokea? Na ukikataliwa huduma, unalalamika wapi? Uliza kwenye ofisi ya kata au kwa mhudumu wa afya wa mtaa wako, tena uliza ukiwa mzima. Mgonjwa aliyelala kitandani hana muda wa kusoma masharti.

Tukutane wiki ijayo. Afya njema.