Ibn Sina na Maji ya Waridi



Katika maulidi tunanyunyiziana marashi, na maiti wetu tunawatilia marashi. Asili ya marashi ni maji ya waridi. Wengi husema aliyeyabuni ni Ibn Sina. Basi tutazame maisha ya mwanachuoni huyu, tujue lipi ni lake na lipi si lake.

Abu Ali Ibn Sina alizaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara. Alipofika miaka 10 alikuwa amekwisha kuhifadhi Kurani. Kisha akasoma fikihi, hesabu na utabibu. Angali kijana alimtibu Amiri Nuh bin Mansur, naye akamfungulia maktaba yake.

Lakini maji ya waridi yalikuwako kabla yake. Al-Kindi, aliyefariki yapata mwaka 873, alikwisha kuandika kitabu cha manukato, akaeleza namna ya kuchemsha vitu vyenye harufu nzuri na kukinga mvuke wake mpaka urudi kuwa maji. Na mji wa Jur, katika Uajemi, ulikuwa ukipeleka maji ya waridi nchi za mbali.

Ibn Sina aliandika habari za waridi kama dawa. Katika kitabu chake cha Qanun anasimulia habari za mwanamke mwenye kifua kikuu, aliyekwisha kuandaliwa mazishi. Ndugu yake hakukata tamaa. Alimlisha muda mrefu waridi lililotengenezwa kwa sukari, akapona, akanenepa. Ibn Sina hakutaja kiasi alichokula mwanamke yule, kwa kuchelea kuitwa mwongo.

Angalieni, ndugu zangu! Yeye aliogopa kudhaniwa uwongo hata katika jambo alilolijua. Sisi je, tunamsifu kwa jambo asilolifanya, na kuwanyima haki waliomtangulia?

Na tusikosee: leo kifua kikuu kina dawa zake hospitali. Mgonjwa amalize vidonge vyake vyote, asiviache kwa ajili ya waridi.

Ibn Sina alifariki mwaka 1037, akazikwa Hamadhan. Inasimuliwa kwamba alipoona mauti yamekaribia alitubu, akatoa sadaka na kuwaacha huru watumwa wake.

Sifa ya mtu ni amana. Tumpe kila mmoja iliyo yake.

Wabillahi tawfiq.