Marehemu Jaji Francis Nyalali

Majina ya marais na ya mashujaa wa vita twayajua sana, lakini ya mahakimu ni wachache wanaoyakumbuka. Kwa hiyo napenda kueleza kwa kifupi maisha ya Jaji Francis Nyalali, maana kazi yake yatuhusu hata sisi tukaao hapa Daudi.

Alizaliwa mwaka 1935. Alisoma Makerere, Uganda, kisha akaenda London kusomea sheria. Aliporudi alianza na uhakimu, akisikiliza kesi za watu wa kawaida na kuandika maneno ya mashahidi. Mwaka 1974 akawa Jaji wa Mahakama Kuu, na mwaka 1977 Rais Nyerere akamteua kuwa Jaji Mkuu, naye ana umri wa miaka 42 tu.

Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Mahakama yake ya Rufani ikafa nayo. Aliyeshindwa Mahakama Kuu hakuwa tena na pa kukimbilia. Ndipo mwaka 1979 Tanzania ikaunda Mahakama ya Rufani yake yenyewe, na Nyalali akaiongoza.

Yafaa tuzijue ngazi zenyewe. Shauri la deni laweza kuanza Mahakama ya Mwanzo, likapanda Mahakama ya Wilaya pale Mbulu, kisha Mahakama Kuu. Kutoka hapo hufika Mahakama ya Rufani ikiwa tu Mahakama Kuu imethibitisha kwamba lina hoja ya sheria. Huko juu kwa kawaida mashahidi hawaitwi tena. Majaji husoma yaliyoandikwa chini. Hakimu wa chini akiandika ovyo, wa juu atapapasa gizani.

Nitatoa mfano mmoja. Mtu mmoja alishitakiwa Musoma kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu. Sheria ilikataza kabisa mtu wa shitaka hilo kupewa dhamana, hata hakimu angeona anastahili. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba katazo hilo lapingana na Katiba. Serikali ikakata rufani. Mwaka 1991 Nyalali na wenzake wawili hawakukubali sababu zote za Mwalusanya, lakini nao walilibatilisha katazo, kwa kuwa lilimnyima mtu uhuru wake bila utaratibu wa kumsikiliza kwanza. Hivyo shauri la mtu asiyejulikana likawa fundisho kwa mahakama zote nchini.

Jaji Nyalali alistaafu mwaka 2000, akafariki mwaka 2003.

Mimi naona maisha yake yatufundisha kwamba mahakama kubwa haiko mbali nasi. Msingi wake ni chumba kidogo cha hakimu, na neno la kweli la shahidi mmoja. Basi tukiitwa kutoa ushahidi, tuseme kweli. Hatujui maneno yetu yatasomwa wapi.