Teófilo Stevenson: Bingwa wa Uzito wa Juu Ambaye Hakupigana kwa Fedha

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu ambao mngali madarasani, wengi wetu tuliosoma Tabora tumepata kwenda Kwihara kwa miguu siku ya Jumapili. Tumeliona tembe alimokaa Stanley mwaka 1871, na ambamo Livingstone alingojea wapagazi tangu Februari hadi Agosti mwaka 1872. Walimu wetu walitueleza habari za wazungu hao wawili. Mimi niliyekuwa nikicheza ngumi shuleni nilivutiwa zaidi na wapagazi. Mnyamwezi wa siku zile alijua bei ya mabega yake. Alipatana ujira wake kwa vitambaa na shanga kabla ya kujitwika mzigo, na asiporidhika aliuacha chini akarudi shambani kwake.

Nimeanza na Kwihara kwa sababu ni hapo njiani ndipo mwalimu wetu wa michezo alipotusimulia kwa mara ya kwanza juu ya bondia mmoja wa Cuba, ambaye wengi walimhesabu kuwa mwenye ngumi nzito kupita wote wa ridhaa, na ambaye nguvu zake hazikupata kuuzwa. Tulibishana njia nzima. Wengine walimwita shujaa, wengine mfungwa. Miaka imepita, nimekuwa mtumishi wa Serikali, na ubishi ule haujanitoka. Leo nawaletea maisha ya mtu huyo, kila mmoja aamue mwenyewe.

Teófilo Stevenson alizaliwa tarehe 29 Machi, 1952, katika Puerto Padre, mashariki ya Cuba. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka kisiwa cha St Vincent, na ukoo wa mama yake ulitoka visiwa hivyo hivyo vya Waingereza. Watu wa visiwa hivyo walikwenda Cuba kufuata kazi ya miwa, kama vile watu wetu wa Unyamwezi walivyokwenda pwani kufuata kazi ya mkonge. Baba mwenyewe aliwahi kupanda ulingoni. Kijana akarithi urefu na mikono mirefu. Alipokomaa alifikia kimo cha futi 6 na inchi 5.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, karatasi mbili zilitiwa sahihi ambazo zilikuja kuyatawala maisha yake. Serikali ya Fidel Castro ilikwisha kuunda chombo cha kusimamia michezo mwaka 1961, na mwaka 1962 ikapiga marufuku michezo yote ya kulipwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mwili wa mtu usiwe bidhaa ya tajiri. Mwaka huo huo Rais Kennedy wa Marekani alifunga biashara yote baina ya nchi yake na Cuba. Kwa hiyo mlango ulipigwa komeo mbili, moja ndani na moja nje. Mabondia wa Cuba waliokwisha kuzoea kulipwa, kama José Nápoles na Sugar Ramos, walihamia Mexico, na wote wawili wakawa mabingwa wa dunia wakiwa huko. Stevenson alikuwa mtoto bado. Alikulia katika nchi ambayo njia hiyo haikuwapo tena.

Lakini haki isemwe. Nchi hiyo iliyofunga mlango mmoja ilifungua mwingine. Mtoto wa mfanyakazi wa miwa alifundishwa bure, akalishwa, na kupewa walimu hodari: Alcides Sagarra, Mcuba, na Andrei Chervonenko kutoka Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1971, katika Michezo ya mataifa ya Amerika huko Cali, alipigwa na Mmarekani Duane Bobick. Hakulalamika, alirudi nyumbani akajifunza zaidi.

Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Munich, walikutana tena. Wamarekani walimtarajia Bobick kuchukua dhahabu. Katika raundi ya tatu Stevenson alimwangusha mara kadhaa hata mwamuzi akasimamisha pambano. Halafu alimshinda Peter Hussing wa Ujerumani Magharibi katika raundi ya pili, na fainali haikupiganwa kwa sababu Ion Alexe wa Romania alikuwa ameumia kidole gumba. Stevenson akapata dhahabu akiwa na miaka 20, pamoja na Kombe la Val Barker, analopewa bondia mwenye ufundi bora katika mashindano yote.

Hapa hatuna budi kueleza jinsi historia ya uzito wa juu ilivyokuwa ikienda. Muhammad Ali, wakati huo akiitwa Cassius Clay, alipata dhahabu Roma mwaka 1960 katika uzito ulio chini kidogo ya ule wa juu, kisha akaingia kwenye ngumi za kulipwa na kuwa bingwa wa dunia. Joe Frazier alipata dhahabu Tokyo mwaka 1964, akafuata njia hiyo hiyo. George Foreman alipata yake Mexico mwaka 1968, naye akafuata. Olimpiki ilikuwa kama kituo cha Unyanyembe katika njia ya misafara: kila msafara mkubwa ulipitia hapo kabla ya kuendelea mbele. Mwaka 1972 msafara ulifika kituoni, na aliyekuwa mbele ya wote akarudi nyumbani.

Matajiri wa ngumi wa Marekani hawakukubali upesi. Waliahidi dola milioni moja, na kadiri miaka ilivyopita fedha zilizotajwa ziliongezeka hadi milioni kadhaa, hasa lilipokuwamo jina la Ali. Stevenson alikataa kila mara, na sababu aliyoitoa ilikuwa moja: mapenzi ya wananchi wenzake yalimtosha. Mazungumzo ya kumkutanisha na Ali yalifanyika baada ya mwaka 1976, wala hayakufika popote.

Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 inatugusa sisi moja kwa moja. Tanzania haikushiriki. Nchi yetu, pamoja na nchi nyingi za Afrika, iligoma kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini kwa makaburu, na New Zealand haikuondolewa katika Michezo. Senegal ilibaki, na bondia wake Mamadou Drame ndiye aliyekuwa wa kwanza kupigwa na Stevenson. Baadaye ikawa zamu ya Mmarekani John Tate, ambaye hakumaliza hata raundi ya kwanza. Fainalini Mircea Șimon wa Romania alikimbia huku na huko kwa raundi mbili, na katika ya tatu watu wake wakatupa taulo.

Sasa tazameni yaliyofuata. Leon Spinks, aliyepata dhahabu Montreal katika uzito ulio chini ya ule wa Stevenson, alimshinda Ali mwezi Februari, 1978, likiwa pambano lake la nane tu la kulipwa. John Tate alitwaa taji la dunia la chama cha WBA mwezi Oktoba, 1979, kwa kumshinda kaburu Gerrie Coetzee mjini Pretoria, katika nchi ile ile ambayo kwa ajili yake sisi tuliikosa Montreal. Yule aliyemlaza Tate kwa dakika chache alikuwa nyumbani Cuba. Hivyo ndivyo siasa ilivyoandika historia ya uzito wa juu: orodha ya mabingwa wa miaka ile ina pengo, na hakuna atakayeliziba.

Nasi kwetu tulikuwa na kisa chetu. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Mtanzania Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati akapata medali ya fedha. Aliyemshinda alikuwa John Conteh wa Uingereza. Conteh aliingia katika ngumi za kulipwa mwaka uliofuata, na mwaka 1974 akawa bingwa wa dunia wa chama cha WBC. Kwetu, katika miaka ya Azimio la Arusha, michezo ilihesabiwa kuwa ya kujenga afya, umoja na heshima ya Taifa. Haikuwa njia ya mtu kujitajirisha. Watu wawili hutoka katika ulingo mmoja usiku mmoja, kila mmoja akarudi kwenye nchi yenye sheria zake.

Mwaka 1980 njia za Ali, za Stevenson na za Tanzania zilikaribiana kwa namna ya ajabu. Urusi ilikuwa imeingiza majeshi Afghanistan, na Rais Carter wa Marekani alitaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow. Mwezi Februari alimtuma Muhammad Ali kuzunguka Afrika kuomba nchi zisiende, na kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari walimuuliza Ali kwa nini Afrika iiunge mkono Marekani, ilhali Marekani haikuiunga mkono Afrika wakati wa Montreal. Swali hilo lilimwelemea bingwa ambaye ngumi za Foreman hazikumwelemea. Kenya ilikubali kususia. Tanzania ilikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali mbili za fedha.

Huko huko Moscow, Stevenson alianza kwa kumlaza Solomon Ataga wa Nigeria katika raundi ya kwanza, na akamaliza kwa kumshinda Mrusi Pyotr Zaev kwa pointi. Hiyo ilikuwa dhahabu ya tatu. Kabla yake ni László Papp wa Hungary peke yake aliyekuwa amepata dhahabu tatu za Olimpiki katika ngumi. Papp naye aliruhusiwa na serikali yake kupigana kwa malipo, na mwaka 1965, alipokaribia pambano la kuwania ubingwa wa dunia, ruhusa ikafutwa.

Dhahabu ya nne ilizuiwa na serikali yake mwenyewe. Mwaka 1984 Cuba iliungana na Urusi kususia Los Angeles, na Tyrell Biggs wa Marekani akashinda mahali ambapo Stevenson hakuwapo. Mwaka 1986, akiwa na miaka 34, alikwenda Reno, Marekani, akatwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa kwa mara ya tatu, baada ya ule wa Havana mwaka 1974 na wa Belgrade mwaka 1978. Cuba ilisusia tena Seoul mwaka 1988, naye akatundika glovu. Mwaka 1996 Ali, akiwa tayari ametetemeshwa na maradhi, alifika Havana na msaada wa dawa. Wawili hao walisimama mbele ya watu wakarushiana ngumi za mzaha. Pambano lililoahidiwa mamilioni likapiganwa bure, wakati mikono ya mmoja wao ilikuwa haitulii tena.

Je, angemshinda Ali au Foreman? Waliomwona walitofautiana, nami sitajifanya najua. Hakuwa mtu asiyeshindika. Mrusi Igor Vysotsky alimshinda mara mbili, mwaka 1973 na 1976, na Mwitalia Francesco Damiani alimshinda mwaka 1982. Damiani alikuja kuwa bingwa wa dunia wa chama cha WBO mwaka 1989. Tena ngumi za ridhaa wakati ule zilikuwa raundi tatu, na ubingwa wa kulipwa ulikuwa raundi kumi na tano. Mtu wa mbio fupi si lazima awe mtu wa mbio ndefu.

Stevenson alifariki Havana tarehe 11 Juni, 2012, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 60. Wakati huo vijana wa Cuba walikuwa wamekwisha kuzoea kutoroka. Odlanier Solis, aliyeipatia Cuba dhahabu Athens mwaka 2004, alitoroka mwaka 2006, na mwaka 2011 akawania taji la uzito wa juu mbele ya Vitali Klitschko, akaumia goti katika raundi ya kwanza. Hatimaye, mwaka 2022, Cuba yenyewe iliruhusu mabondia wake kupigana kwa malipo. Sheria iliyodumu miaka 60 ililegezwa, miaka kumi baada ya kifo cha aliyeitii kuliko wote.

Narudi kwenye ubishi wetu wa njia ya Kwihara. Zamani nilikuwa upande wa waliomwita shujaa, na bado namheshimu, maana alipewa nafasi nyingi za kutoroka alipokuwa nchi za ugenini, na kila mara alirudi. Huo ulikuwa uamuzi wake. Lakini hakupata kupewa kile alichokuwa nacho mpagazi wa Unyanyembe: nafasi ya kutazama mzigo, kusikia ujira, na kusema ndiyo au hapana kisha akalale kwake. Hapana yake ilikuwa ya kweli. Ndiyo yake ingemgharimu nchi.

Wadogo zetu, baadhi yenu mtakuja kukaa katika ofisi kama yangu, na mtaandika nyaraka. Mtakuwa na nia njema, kama naamini walivyokuwa nayo waliokataza ngumi za kulipwa. Mtakapotia sahihi, kumbukeni kwamba mahali fulani yupo mtoto wa miaka kumi ambaye hamumjui, na mkono wake wa kulia utapita au utakwama katika mlango mnaoufunga. Nawatakia masomo mema, na mafanikio ulingoni pia.