Ovide Decroly, munganga aliyeingiza soko na shamba mu somo la hesabu

Ku soko la Kiambi, karibu na mto Luvua, mtoto wa miaka tisa anaweza kutumwa na mama yake kuuza mafungu ya samaki. Anapokea makuta, anarudisha yanayobaki, anamkatalia mnunuzi anayetaka kumpunja, na jioni anafika nyumbani na hesabu kamili. Kesho yake, mu darasa, mtoto huyo huyo anasimama mbele ya ubao. Anaulizwa 1000 kutoa 650, anaangalia chini, anakaa kimya. Anapewa sifuri. Mwisho wa mwaka watu wanasema kwamba hana akili ya hesabu, na wazazi wanaanza kujiuliza kama kuna faida gani ya kuendelea kumsomesha.

Mtoto wa namna hiyo njo alishika maisha yote ya Ovide Decroly, munganga wa Ubelgiji aliyekufa mu 1932. Walimu waliosoma pedagojia wanalijua jina lake, maana linatajwa mu kozi. Lakini wengi walilikariri kwa ajili ya mtihani tu, pamoja na tarehe zake, halafu wakalisahau. Jambo la kushangaza, kwa sababu Decroly alitumia miaka zaidi ya thelathini akipiga vita masomo ya kukariri namna hiyo.

Alizaliwa tarehe 23 Julai 1871 huko Renaix, mji mdogo wa Ubelgiji wenye viwanda vya nguo. Baba yake alikuwa na kiwanda. Ovide hakuwa mwanafunzi mtulivu. Shule ya wakati ule ilikuwa ya kukaa, kusikiliza na kurudia maneno, na yeye hakuivumilia. Alichopenda ni kugusa vitu, kulima bustani na kuchunguza wanyama. Hata hivyo alifika chuo kikuu cha Gand, akasoma uganga, akamaliza mu 1896. Aliendelea na masomo huko Berlin na Paris, kisha akaanza kazi Bruxelles, akitibu magonjwa ya neva na ya akili.

Kule hospitali njo alikutana na wale watoto. Waliletwa na wazazi wao kwa sababu shule ilikuwa imewakataa. Wengine walikuwa wagonjwa kweli. Wengine walichelewa kusema, wengine walikuwa na fujo, na wengine walionekana tu kuwa wazito wa kuelewa. Decroly aliona kwamba dawa peke yake haiwezi kuwasaidia. Mu 1901 alifungua taasisi kwa ajili yao, na aliifungua mu nyumba yake mwenyewe. Yeye na mke wake waliishi pamoja nao, na watoto wao walikulia kati yao. Kwa hiyo hakuwaona saa moja ya matibabu tu. Aliwaona wakila, wakicheza, wakigombana, wakilala.

Mu maisha hayo ya kila siku aligundua jambo moja. Mtoto aliyeshindwa kabisa kuhesabu namba zilizoandikwa ubaoni aliweza kugawa mikate mezani bila kumkosesha mtu. Aliweza kujua nani amepewa kingi na nani kidogo. Hesabu ilikuwa ndani yake tayari, lakini shule ilikuwa inaanzia mwisho, ku alama na maneno, wakati mtoto anaanzia ku vitu na ku haja yake.

Decroly hakukubali kubaki na wazo bila kulichunguza. Pamoja na mwalimu Julia Degand alifuata namna mtoto mdogo anavyoanza kuelewa kiasi: mbili, tatu, kingi, kidogo, kizima, kipande. Matokeo waliyachapisha mu 1912. Miaka miwili mbele ya hapo, mu 1910, wote wawili walikuwa wamewapima watoto wa Bruxelles kwa maswali ya akili yaliyotungwa Ufaransa na Binet na Simon. Watoto wale walitoka mu familia zenye mali, na walifaulu kuliko watoto wa Paris waliopimwa na Binet, ambao wengi walikuwa wa familia za kawaida. Somo lilikuwa wazi: kipimo kinachosema mtoto ana akili au hana kinapima pia nyumba anayotoka, lugha anayosikia na vitu alivyozoea kushika.

Mu 1907 wazazi fulani wa Bruxelles walimuomba afungue shule ya watoto wa kawaida. Walitaka yale yaliyowasaidia watoto waliokataliwa yawasaidie na wengine. Shule hiyo iliitwa Ermitage, jina la barabara iliyokuwapo. Ilikuwa na bustani na wanyama wa kufuga. Wazo lake kubwa lilikuwa kwamba shule iandae mtoto kwa maisha, na iyatumie maisha yenyewe kumwandaa.

Namna ya kufanya ilikuwa hivi. Decroly alisema kila mtoto ana haja nne kubwa: kula, kujikinga na baridi na mvua, kujilinda na hatari, halafu kufanya kazi na kupumzika pamoja na wenzake. Kila haja ilikuwa mada ya kufuatwa muda mrefu, hata mwaka mzima, na masomo yote yaliizunguka. Walimu wengi wanaijua kama vituo vya mapendezi ya mtoto. Kazi ilipita hatua tatu. Kwanza watoto waliangalia kitu chenyewe na kukipima. Pili walikilinganisha na vitu vya mbali au vya zamani. Tatu walikieleza kwa kusema, kuandika, kuchora au kutengeneza.

Hesabu ilikaa mu hatua ya kwanza, kwa sababu kuangalia vizuri ni kupima. Wadogo hawakupewa metre siku ya kwanza. Walipima kwa mwili wao na vitu vya karibu: hatua, shubiri, kiganja, vijiwe, mbegu. Kisha wakaanza kubishana. Chukua baraza la shule lenye urefu wa metre 12. Mtoto wa hatua ya sentimetre 40 anapata hatua 30. Mwenzake wa hatua ya sentimetre 60 anapata 20. Nani anasema kweli? Wote wawili. Ile siku njo metre inaingia darasani, na watoto wanaipokea kama jibu la ugomvi wao, si kama amri ya mwalimu.

Watu wengine walifikiri kwamba Decroly alifuta mazoezi, kwamba watoto walicheza tu. Si kweli. Alijua kwamba mtoto asiyerudia anasahau. Pamoja na mwalimu Monchamp alitoa mu 1914 kitabu juu ya michezo ya kufundishia: makaratasi ya kupanga, picha za kulinganisha, visanduku vya kuhesabia. Mazoezi yalikuwapo, lakini yalikuja nyuma ya haja. Kwanza mtoto alitaka kujua, kisha alizoeza mkono na kichwa mpaka jambo likakaa.

Mwaka ule ule vita kuu ya kwanza iliingia Ubelgiji. Decroly hakuacha kazi. Alishughulika pia na yatima wa vita. Amani iliporudi, alifundisha elimu ya nafsi ya mtoto mu chuo kikuu huru cha Bruxelles. Alisafiri Marekani mu 1922, na akatafsiri kwa Kifaransa kitabu cha John Dewey juu ya namna watu wanavyofikiri, kilichotoka mu 1925. Mwaka huo alialikwa Kolombia, na shule za kule zikachukua mafundisho yake. Alikufa Septemba 1932 huko Uccle, karibu na Bruxelles. Mu 1936 serikali ya Ubelgiji ilitengeneza programu mpya ya shule za msingi, na alama ya mkono wake ilionekana ndani yake.

Na Kongo? Shule ya Ermitage ilifunguliwa 1907, na mwaka uliofuata Kongo ikawa koloni la Ubelgiji. Nchi moja, miaka ile ile, lakini masomo mawili. Shule za Kongo zilikuwa karibu zote mikononi mwa misioni, na programu yake ilitungwa kwa ajili ya koloni. Mtoto wa Bruxelles alipima bustani yake ili aelewe dunia. Mtoto wa Kongo aliandaliwa kusoma dini, kuandika, kuhesabu kiasi, na kufanya kazi ya mikono. Decroly alikuwa mtu wa Ubelgiji ile ile, lakini mafundisho yake hayahitaji Ubelgiji. Yanahitaji vitu vilivyo karibu na mtoto, na Kiambi inavyo vingi.

Chukua haja ya kujikinga na mvua. Mvua ya milimetre 1 ikianguka ku metre moja ya mraba, inaleta litre 1 ya maji. Kama paa la shule linafunika metre 8 kwa 6, hiyo ni metre 48 za mraba. Mvua ya milimetre 10 inaleta litre 480, maana yake bidoni 24 za litre 20. Wanafunzi wa mwaka wa tano wanaweza kupima paa lao wenyewe, kuweka kopo lenye kuta zilizonyooka nje usiku wa mvua, kusoma kipimo asubuhi, kisha kupiga hesabu: maji haya yangetosha darasa siku ngapi? Hapo kuna kuzidisha, kugawa, eneo na ujazo, na hakuna kitabu kilichonunuliwa.

Au haja ya kujilinda na hatari. Kipindupindu hakiko mbali na wakaaji wa Tanganyika. Maji ya kumsaidia mtu anayehara yanatengenezwa kwa litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya usawa, bila kurundika. Kwa litre 5 inahitajika sukari vijiko 30 na chumvi vijiko viwili na nusu. Chumvi ikizidi, maji hayo yanaweza kumuumiza mgonjwa. Mtoto anayejua uwiano namna hii anaweza kumsaidia mama yake usiku, njiani kabla ya kufika ku kituo cha afya.

Kuna shida, na ni ya kweli. Decroly alitaka darasa la wanafunzi wachache. Tangu masomo ya msingi yafanywe ya bure mu 2019, madarasa mengi ya Kongo yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kufuata vipimo vya kila mtoto. Lakini hata wingi unaweza kuwa swali. Bidoni moja ya litre 20 kwa wanafunzi 50: kila mmoja atapata kiasi gani? Desilitre 4, chini kidogo ya nusu litre. Makundi ya watoto kumi kumi, kila kundi na kopo lake, yanaweza kutafuta jibu kwa kumimina, kisha kulithibitisha ubaoni. Kundi linalokosea linaliona kosa lenyewe, kwa sababu maji yanaisha kabla ya mtu wa mwisho.

Shule ya Decroly ipo mpaka leo huko Uccle na inabeba jina lake. Lakini kazi yake haikuanzia ku shule ile yenye bustani. Ilianzia mu nyumba moja, 1901, na watoto ambao walimu wao walikuwa wamekwisha kuandika sifuri. Mtoto wa soko la Kiambi anayekaa kimya mbele ya ubao ni ndugu yao. Mwalimu akimletea asubuhi ile ile mafungu ya samaki, hata ya kuchora ku karatasi, na kumuuliza amrudishie mnunuzi kiasi gani ku 1000 kama samaki ni 650, yule mtoto atajibu 350. Kazi ya kumwonyesha kwamba jibu hilo na ile namba ya ubaoni ni kitu kimoja inabaki ya mwalimu.