Harry Thuku: Mpokea simu wa Nairobi aliyeitikisa serikali ya kikoloni

Mwaka 1920 mwanamume Mwafrika nchini Kenya hakutoka eneo lake bila kopo la chuma shingoni. Ndani yake kulikuwa na kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole na rekodi ya kila mwajiri aliyemfanyia kazi. Ukikamatwa huna, ni faini au jela. Ukiacha kazi bila tajiri kutia saini, polisi wanakusaka.

Aliyelipigia kelele jambo hilo hadharani alikuwa kijana wa ofisini tu.

Kutoka Kambui hadi Hazina

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu, akasoma kwa wamisionari. Alifanya kazi kwenye gazeti la walowezi jijini Nairobi, kisha akawa mpokea simu katika ofisi ya Hazina ya serikali. Hapo aliona kwa karibu jinsi serikali inavyofanya mambo yake.

Mwaka 1921 hali ilikuwa ngumu. Walowezi waliamua kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, wakati kodi ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Wanawake na wasichana nao walikuwa wakilazimishwa kwenda kufanya kazi mashambani kwa wazungu.

Thuku na wenzake wakaanzisha chama cha vijana wa Kikuyu. Muda si mrefu kikawa East African Association, ili kiwabebe watu wa makabila yote. Badala ya kupitia kwa machifu, Thuku alipeleka malalamiko London moja kwa moja kwa simu ya maandishi. Akazunguka mikutanoni, akataka watu wakusanye vipande vyao na kuvirudisha kwa gavana.

Kazi ya Hazina ikaota mbawa.

Damu ya Machi 1922

Machi 14, 1922 alikamatwa. Wafanyakazi wakagoma, na siku mbili baadaye maelfu ya watu walikuwa wamekizunguka kituo cha polisi wakitaka aachiwe.

Viongozi waliokwenda kuonana na wakubwa wa serikali walirudi wakiwaomba watu waende nyumbani. Wanawake hawakukubali. Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha nguo yake mbele ya wanaume, kitendo kizito cha kuwaaibisha kwa mila ya Wakikuyu, na umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi. Inaelezwa walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk nao walifyatua. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, Nyanjiru akiwemo. Wengine wanasema walikuwa wengi zaidi.

Thuku hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa uhamishoni Kismayu, baadaye Marsabit, akakaa huko karibu miaka tisa.

Nini kilibadilika?

Mwaka huohuo wa 1922 kodi ilishushwa hadi shilingi 12, na Gavana Edward Northey akaitwa kurudi Uingereza. Mwaka 1924 serikali ilianzisha mabaraza ya wenyeji, japo lengo moja lilikuwa kuwadhibiti vijana wa aina ya Thuku wasianzishe vyama vyao.

Kipande chenyewe kilichukua muda. Waafrika waliendelea kukipinga, na mwaka 1947 sheria mpya ikaleta kitambulisho kwa watu wa rangi zote. Toka Thuku akamatwe, miaka 25 ilikuwa imepita.

Aliporudi

Aliyeachiwa hakuwa yule aliyekamatwa. Thuku alitaka sasa mazungumzo na serikali, akagombana na wenzake wa zamani na kuanzisha chama chake mwaka 1935. Mwaka 1944 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama kilichokuja kuwa KAU. Vita vya Mau Mau vilipoanza, alivipinga waziwazi, na wapo ambao hawakumsamehe.

Miaka yake ya mwisho alikuwa mkulima wa kahawa Kambui, zao ambalo Waafrika walizuiwa kulilima kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1970.

Leo hoteli ya Norfolk bado ipo palepale Nairobi. Barabara inayopita mbele yake inaitwa Harry Thuku.