Banting: Mtengeneza majeneza aliyeacha mkate na sukari, akapungua kilo 21

Akiwa na zaidi ya miaka 60, William Banting hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu vyake. Ngazi alikuwa anashuka kinyumenyume, polepole, ili magoti yasielemewe na uzito.

Hakuwa mtu wa hivi hivi. Kampuni ya familia yake jijini London ndiyo iliyokuwa ikiandaa mazishi ya familia ya kifalme ya Uingereza. Pesa ilikuwepo, shida ilikuwa mwili.

Kimo chake kilikuwa sentimita 165 hivi, na Agosti 1862 mizani ilisoma karibu kilo 92. Watu walikuwa wanamcheka na kumsema, hadi akaanza kukwepa mikusanyiko na usafiri wa umma.

Si kwamba alikaa tu. Daktari mmoja alimshauri apige makasia. Akapiga kila asubuhi, njaa ikaongezeka, akala zaidi na uzito ukapanda. Akajaribu bafu za mvuke, maji ya bahari, dawa na hata kujinyima chakula. Wapi!

Mwaka huo huo masikio nayo yakaanza kuziba, akaenda kwa daktari wa masikio, William Harvey. Huyo akaona chanzo ni mafuta mwilini.

Harvey alikuwa amesikiliza mihadhara ya Claude Bernard jijini Paris, mwanasayansi aliyegundua kwamba ini hutengeneza sukari. Alijua pia kwamba mgonjwa wa kisukari akipunguziwa wanga na vitu vitamu, sukari kwenye mkojo hupungua. Akawaza kuujaribu mlo huo kwa mtu mnene asiye na kisukari.

Basi Banting akakatazwa mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, yaani vile vile alivyokuwa anakula kutwa. Akabaki na nyama, samaki, mboga, matunda na kipande kidogo cha mkate mkavu. Mvinyo aliruhusiwa.

Kufikia Septemba 1863 alikuwa amepungua kilo 21, kiuno kimepungua zaidi ya sentimita 30, na kusikia kumerudi. Ngazi akawa anashuka kama watu wengine.

Mwaka huo akachapisha kijitabu kwa pesa zake na kukigawa bure, ili wanene wenzake wasihangaike kama yeye. Baadhi ya madaktari walimjia juu, kwamba muuza majeneza anajua nini kuhusu tiba. Wasomaji hawakujali, na kijitabu kikachapishwa tena na tena.

Asichanganywe na Frederick Banting wa Canada, mmoja wa waliogundua insulini mwaka 1921.

Leo mlo wa wanga kidogo ni mojawapo ya njia zinazotumika kwa watu wenye unene uliopitiliza na kisukari aina ya pili. Ila anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari asikate wanga ghafla bila kumwona daktari. Dozi ikibaki ile ile, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu.

Banting alifariki 1878 akiwa na miaka 81. Hadi leo, Waswidi wakitaka kusema mtu anapunguza mwili kwa chakula, husema banta, neno lililotokana na jina lake.